Pini ya Gurudumu la Kushoto

Ninyi watatu mliobaki Dar mmeniandikia, kila mmoja kwa mwandiko wake, swali lile lile: imekuwaje safari ya kutoka Arusha mjini hadi Ngare Nanyuki, ambayo lori la mbao huimaliza kabla ya chakula cha mchana, mimi ikanichukua siku mbili? Nawajibu wote pamoja. Mambo ya karatasi za hospitali na ya kumbembeleza mjomba aniazime gari nayaruka.

Mjue hili tu. Bibi, mama mzaa mama yangu, alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho lake la kushoto lilikwisha kufa zamani. Hilo la kulia ndilo pekee lililobaki, nalo lilikuwa halioni kitu kwa miaka minne. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba ameshona kwa uzi mwembamba kuliko unywele, kwa hiyo hadi Jumamosi asiiname, asikohoe kwa nguvu, asirushwerushwe. Siku hiyo muuguzi wa zahanati ya kijijini kwake angelifungua. Kisha daktari akanigeukia mimi. "Dereva ni wewe?" akauliza. Nikasema ndiyo. Tangu tumalize chuo, na serikali iache kuajiri kila anayehitimu, kazi yangu imekuwa moja tu, kuwaza, na hapo nikapata la kuwazia.

Mjini

Gari la mjomba ni dogo, la Kijapani, katika yale yaliyotumika huko kwao yakaja kwetu baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Karibu na usukani lina kibandiko chekundu cha maandishi ya Kijapani ambayo hakuna mtu katika ukoo mzima anayeweza kuyasoma. Mjomba husema labda ni dua. Mimi siku zote nimehofia kuwa ni onyo.

Alhamisi asubuhi tulipotoka tu kwenye geti la hospitali, Bibi, kichwa kimefungwa bandeji nusu nzima, akasema, "Mke mwenzangu, una ndege chini ya gari."

Hivyo ndivyo anavyoniita, kwa utani wake wa siku zote. Nikasikiliza. Kweli kulikuwa na mlio mwembamba, kii, kii, kii, ukienda na mzunguko wa gurudumu. Bibi akasema uko upande wake, mbele. Halafu akaongeza jambo ambalo mimi mwenye macho mawili na masikio mawili sikuwa nimelitambua: "Ukikanyaga breki ananyamaza. Ukiachia anaanza tena."

Nikapinda hadi Unga Limited, kwenye gereji za kando ya barabara. Fundi wa kwanza alichuchumaa, akazungusha gurudumu kwa mkono, akasema kalipa imenata. Kalipa, kama mlivyokuwa hamjui na mimi nilivyokuwa sijui, ni kile chuma kinachoikumbatia sahani ya breki na kuibana kwa pedi mbili, moja kila upande. Pini zake zimekauka, akasema, kwa hiyo ikibana haiachii sawasawa. Inatakiwa kufunguliwa na kusafishwa. Foleni yake ilikuwa ndefu, niliache gari hadi Ijumaa jioni.

Ijumaa jioni ilikuwa haiwezekani. Nikasimama pale nikifanya hesabu zangu, na hesabu zangu mnazijua. Geti la nyumbani Machame lililia, baba akalitia grisi, likanyamaza. Mashine ya kumenyea kahawa ililia, ikatiwa grisi, ikanyamaza. Kila kinacholia kimekauka. Nikanunua pedi mpya duka la jirani, kisha nikaogopa kuzifunga kwa sababu sasa kila mtu anaingiza spea na nani ajue ipi ni halisi, nikazitupa kwenye buti. Nikaenda kwa fundi wa pili, aliyekuwa na mkebe wa grisi miguuni, nikamwomba apake kidogo kwenye zile pedi, pale zinapogusa sahani.

"Dada, breki na grisi?" akauliza.

"Kidogo tu."

Nilikuwa nimeshamweleza, bila kuulizwa, kwamba nimetoka chuo kikuu na ninajua msuguano ni nini. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema, akapaka.

Kuelekea Tengeru

Ndege alikufa. Gari lilikwenda kimya kama limevaa soksi. Nilijisikia mtu mkubwa mpaka tulipopita Sekei. Bibi alikuwa amenyamaza naye, mikono juu ya mapaja, kitenge kipya magotini.

"Imenyamaza vibaya," akasema.

Nikamwuliza kunyamaza vibaya kukoje.

"Mtoto akilia, mama anaendelea kupika. Akinyamaza ghafla, mama anainuka kwenda kuangalia."

Nikacheka. Kila nilipogusa breki gari lilivuta kulia, kidogo tu, kama mtu anayekuvuta shati. Nikajiambia ni barabara.

Kabla tu ya kituo cha Tengeru, ng'ombe walikuwa wakivuka. Walikuwa ng'ombe wa maziwa wa chuo cha mifugo, wakubwa, wenye madoa meusi na meupe, wakienda polepole kama wanawake wanaotoka ibadani. Nilikuwa mbali vya kutosha. Nikakanyaga. Gari likavuta kulia kwa nguvu na halikupunguza mwendo kama nilivyolitaka. Nikakanyaga zaidi. Nikashusha gia, gari likaunguruma, nikavuta breki ya mkono kwa mikono miwili kama ninavuta ndoo ya kisima. Tukasimama.

Mbele ya kioo palikuwa na ubavu wa ng'ombe, hakuna kingine. Aligeuza shingo akapumua juu ya boneti, na pumzi yake ikaacha ukungu kwenye rangi ya mjomba.

Bibi alikuwa amejibana kwenye kiti, viganja viwili vimekishika kichwa chake kama anavyoshika mtungi uliojaa. Hakuwa amepiga kelele. "Tumemgonga?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hapana, Bibi."

"Yuko karibu. Anakula majani mabichi." Kisha: "Jicho limechoma kidogo. Kama mchanga."

Sijui niwaelezeje maneno hayo yaliniingiaje. Niliona ule uzi mwembamba kuliko unywele ukikatika. Niliona miaka minne ya giza ikiendelea hadi mwisho wa maisha yake, na sababu yake ikiwa ni kidole kimoja cha grisi na msichana aliyesoma. Nikataka kumwambia Bibi nilichofanya gereji. Nikamnyooshea kitenge magotini badala yake.

Mwanamume wa makamo aliyevaa buti za mpira alikuja dirishani. Sikungoja aulize. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na yote yakanitoka: jicho, uzi, mlio, grisi. Nilimweleza mgeni kabla ya Bibi, na Bibi alikuwa anasikia kila neno.

Yule bwana hakunigombeza. Alinusa gurudumu la kushoto kama anavyonusa maziwa yaliyochacha. "Gari hili haliendi popote," akasema. "Nifuateni na ng'ombe. Gia ya kwanza."

Ndivyo tulivyoingia Tengeru, nyuma ya mikia ishirini, mwendo wa kwato.

Zizini

Jina lake ni Mwalimu Anaeli, Mmeru wa hapo hapo, na kazi yake ni kuwafundisha wanafunzi wa mifugo kutunza mashine za kukamulia. Alisema lazima akamue kwanza, ng'ombe hawaelewi shida za watu. Kwa hiyo tulingoja. Mke wake, Mama Neema, alimlaza Bibi chali sebuleni kwao na kuuweka mto mmoja kila upande wa kichwa, kisha akatuletea loshoro, mahindi na ndizi katika maziwa ya mgando, ya baridi, yenye uchachu wa kuamsha ulimi. Bibi alilishwa kwa kijiko akiwa amelala nusu, akisema hajawahi kuwa malkia. Mimi nilikula kidogo. Nilikuwa nikichunguza bandeji kila dakika kama kuna damu.

"Aika," Bibi akasema bila kugeuza kichwa. "Unaniangalia sana. Nasikia kiti kinalia."

Nikamwomba msamaha hapo. Nilianza na fizikia, nikapitia geti la Machame, na nilikuwa bado niko kwenye mashine ya kahawa alipoinua mkono.

"Mimi nimemenya kahawa miaka arobaini," akasema. "Ile mashine unaitia mafuta kwenye ekseli. Ukiyatia pale meno yanaposhika, kahawa inateleza inatoka na maganda yake. Ungeniuliza." Afadhali angenigombeza.

Mwalimu Anaeli alikuja alasiri na sanduku la spana na stuli ya kukamulia. Akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akainua gari kwa jeki, akatoa gurudumu. Nilitegemea kuona kitu cha kutisha. Niliona sahani ya chuma inayong'aa, na chuma kingine kinachoishika. Alifungua boliti, akaitoa kalipa, na hakuiacha ining'inie kwa mpira wake wa maji ya breki. Aliifunga juu kwa waya, taratibu, kama unavyofungwa mkono uliovunjika.

"Angalia hapa," akasema. "Jumba hili lote linaelea. Halijafungwa pamoja na gurudumu. Linateleza kwenye pini mbili, basi. Ukikanyaga, pistoni inasukuma pedi ya ndani. Jumba linarudi nyuma kwenye pini na kuivuta pedi ya nje. Ukiachia, linalegea. Pini ikinata, pedi moja inabaki inalamba sahani barabara nzima. Ndiye ndege wenu."

Akavuta pini ya kwanza. Ilitoka kwa urahisi. Ya pili alihangaika nayo, akiizungusha kidogo huku na kidogo huku, mpaka ikatoka na mlio wa meno. Akaniwekea kiganjani. Haikuzidi urefu wa kidole changu cha kati. Upande mmoja ilikuwa laini, upande wa pili imeliwa na kutu, na soksi yake ya raba ilikuwa imepasuka, maji na vumbi vikaingia.

Niliishika, na hapa ndipo siwezi kuwaeleza vizuri. Nilikuwa nimeishi miaka ishirini na mitatu nikipanda magari, mabasi ya usiku hadi Dar, malori ya mchanga, na hakuna siku niliyojua kwamba maisha yetu sote yanateleza juu ya kitu kama hiki, kirefu kama kidole, kinachodai tu kiwe safi. Kitu hicho hakikuwa kimenificha chochote. Kililia tangu kwenye geti la hospitali.

Jirani wa Mwalimu alikuwa na gari la aina hiyo hiyo lililokufa, limeota majani, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Tukaenda kumwomba pini. Alitaka kwanza kusikia habari yote, kisha mke wake naye akataka kuisikia, ndipo tukapewa pini pamoja na soksi zake za raba zilizokuwa bado nzima, na mayai manne.

Mwalimu aliisugua kila pini kwa msasa laini mpaka ikang'aa, akafuta matundu yake kwa kitambaa, kisha akatoa mkebe mdogo wa grisi nyeupe. Ni ile anayopaka raba za mashine ya kukamulia. Grisi nyeusi ya kawaida huivimbisha raba, akasema, na raba iliyovimba huikaba pini upya. Alipaka ukungu mwembamba tu. Nilipomwambia zile pedi tuzisugue zitumike, alitikisa kichwa. Pedi iliyokwisha kunywa grisi haiponi.

"Nina mpya kwenye buti," nikasema.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Ulikuwa nazo muda wote?"

Nikamweleza kwa nini sikuzifunga. Akacheka mpaka akaikalia ndoo. Kisha akazichunguza, akasema ni nzuri, na kwa kuwa zilikuwa seti nzima tukafungua na gurudumu la kulia, ili pande mbili zishike sawa. Akaifuta sahani iliyopakwa grisi kwa spiriti mara tatu. Upande wa kulia alinipa spana mimi. Nilipaka grisi nyeupe kwenye masikio ya pedi, pale zinapokaa, nikikaa mbali na uso wa pedi unaobana sahani, kama mtu anayepaka dawa karibu na jicho. Pistoni nikairudisha ndani kwa kibano, polepole. Nilipomaliza alinirudisha kwenye kiti cha dereva.

"Kanyaga kabla ya kuondoka."

Mguu ukazama hadi sakafuni.

"Ndivyo inavyokuwa. Pistoni ziko mbali bado. Kanyaga tena. Tena."

Mara ya sita pedali ikawa ngumu chini ya mguu wangu. Hilo ningelisahau lisingenisamehe, akasema.

Jua lilikuwa limeshuka, hakutaka tusafiri. Tukalala kwao. Asubuhi Mama Neema akatuombea, tumesimama tumezunguka gari, na maombi yake yalipita barabara nzima, kijiji kwa kijiji, yakalitaja jicho, yakalitaja gurudumu la kushoto na pini zake mbili, ya zamani na ya jirani. Chai yangu ilipoa. Sikuwahi kusikia amina iliyonifaa kama ile.

Usa River hadi Momela

Tuliiacha lami Usa River, tukashika barabara ya vumbi inayopanda kupitia migomba na kahawa. Niliendesha kama nimebeba yai mdomoni. Kwenye kila tuta nilipunguza, na breki ilishika pande zote mbili, laini, bila kuvuta, bila neno. Bibi alisikiliza kwa muda mrefu.

"Sasa imenyamaza vizuri," akasema.

Nikamwuliza jicho. Akasema mchanga upo, mdogo. Sikuuliza tena, ila niliwaza.

Tulipoingia hifadhini migomba iliisha, ukaja msitu, kisha uwanda wa nyasi umefunguka ghafla, na twiga kumi na moja wamesimama humo. Mmoja alitoka kichakani akavuka mbele yetu. Nikakanyaga, gari likasimama pale pale nilipotaka lisimame. Nilikaa nimeshika usukani, nikiona magoti yake yakipita juu ya boneti, na sikujua ninachostaajabia zaidi, mnyama yule au kusimama kwetu.

Nilikuwa nimemwahidi Bibi kumweleza kila kitu. Nikamweleza twiga, shingo yake, madoa, kope, rangi ya ulimi. Nikamweleza maziwa ya Momela, moja la kijani na jingine la kijivu, na mstari wa ndege heroe ukingoni kama uzi wa waridi. Kisha mawingu yakapanda, na Meru ikasimama wazi yote: ule ukuta wa jiwe uliovunjika upande mmoja, na ndani yake kilima cha majivu, cheusi, kimekaa kama kitoto ndani ya mbeleko. Nyuma yetu, mbali, theluji ya Kilimanjaro ilikuwa inaelea bila mlima chini yake. Nikasimamisha gari. Nikaanza kueleza na maneno yakaniishia.

"Umefika wapi?" Bibi akauliza.

"Nimefika mlimani, Bibi. Siwezi."

"Basi uache. Usinimalizie vyote. Nitaviona mwenyewe." Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu kwenye gia. "Au hutaki nione?"

Alikuwa anatania. Nililia kidogo, kimya, nikifuta pua kwa kiganja ili asisikie. Akanyoosha ncha ya kitenge chake kunielekea.

Ngare Nanyuki

Mteremko wa mwisho, ule niliokuwa nauota tangu hospitali, tuliushuka kwa gia ya pili, na nilipofika chini nilitoka nikagusa gurudumu la kushoto. Lilikuwa na joto la kawaida, sawa na la kulia. Nilienda mara tatu kati ya yote mawili. Shangazi zake mama waliokuja kutupokea walidhani nimepoteza kitu.

Jumamosi asubuhi muuguzi alimkalisha Bibi kwenye kiti nje ya zahanati, mgongo kwa mlima, kivulini, mwanga usimchome. Alianza kuifungua bandeji. Ukoo ulikuwa umesimama nusu duara, mchungaji akiwamo. Mimi nilisimama nyuma ya wote, nikiwa nimekwisha kuandaa kichwani maneno ya kumwambia mama.

Pamba ilitoka. Jicho lilikuwa jekundu, limejaa maji. Muuguzi alilisafisha, akaliangalia kwa kurunzi muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, akasema nyuzi zote ziko mahali pake. Bibi akapepesa. Akaangalia chini kwenye mikono yake.

"Aika yuko wapi?"

Watu wakanipisha. Mchungaji alimwonyesha nyuma, akamwambia ageuke auone mlima, umefunguka.

"Mlima upo siku zote," Bibi akasema. "Mke mwenzangu, lete kile kitu."

Ilikuwa mfukoni mwangu tangu Tengeru, ile pini mbovu tuliyoibadilisha; nilimwambia tu kwamba ninayo. Nikamwekea kiganjani. Hakuifunga mkononi kuipapasa kama alivyofanya kwa kila kitu miaka minne ile. Aliinyoosha mbali na uso, akairudisha karibu, akaipeleka mbali tena mpaka akapata umbali wake, akaigeuza polepole kwa kidole gumba. Sikuwa nimewahi kumwambia ilivyo. Wala Mwalimu hakumwambia.

"Kumbe," akasema, "imeliwa upande mmoja tu."